Mtani, Uliandika Bado Mara Tatu

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ya baridi, anga jeupe bila wingu, upepo wa wastani kutoka mashariki. Saa moja na nusu vumbi lilikuwa limeshaanza kutembea barabarani hapa Ng'ambo.

Maganga,

Sianzi kwa salamu. Wewe mwenyewe ulikuwa huanzi kwa salamu, uliingia tu na kuanza kukosoa. Na sikuiti marehemu, kwa sababu neno hilo watu hulitamka kwa upole, na mimi upole sina. Nimekasirika nawe. Nimekasirika tangu tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, na nimeandika hivyo kwenye shajara yangu kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na lingine la kuandika.

Leo kwenu Kigwa wanaanua matanga yako. Mama yako amenipigia simu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza alizunguka: habari za safari, habari za baba, mguu wake umeponaje. Mara ya pili hakuzunguka. Alisema, "Mwanangu, mtani asipocheza mimi nitaanua nini?" Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba nitacheza. Kwa hiyo naandika sasa, kabla ya gari la saa nne, ili haya yaliyonijaa yaingie kwenye karatasi nisije nikammwagia mama wa watu.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini siku ya mazishi. Baba yangu ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, mimi nimezaliwa hapa hapa, lakini kwenu Mzaramo ni Mzaramo hata akizaliwa chini ya kitanda chenu. Babu zako walishuka pwani na mizigo kichwani, babu zangu waliwauzia maji na kuwadai ushuru wa njia, wakatukanana mpaka wakawa ndugu. Ndivyo tulivyoambiwa. Mnyamwezi akifa, mimi naitwa nikaharibu kilio. Nalala kando ya kaburi nasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe faini. Navaa shati la aliyekufa, natembea kama yeye, nakohoa kama yeye, namtukana, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Nimefanya hivyo kwa majirani tangu nikiwa kidato cha pili. Siyo kwamba sijui.

Kwako sikufanya kitu. Nilifika Kigwa asubuhi ile ile ya mazishi, nimetoka uwanja wa ndege Dar es Salaam na kulala ndani ya basi, begi mkononi, miguu imevimba. Watu wakanipisha mpaka kaburini. Mjomba wako Kapama akasema, "Mtani amefika, sasa tutaonana." Nikalitazama jeneza. Nikaendelea kulitazama. Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu, unajua vile wanavyoandaa nyuso zao. Kisha mjomba akauliza, "Mtani gani huyu, kaja na mdomo umeshonwa?" Nikatupa udongo wangu, nikaondoka. Nasikia walisema Uarabuni kumeniharibu.

Uarabuni hakukuniharibu. Utani hauchezwi na mtu mwenye kinyongo. Ukimtukana mtu huku umemkasirikia kweli, hilo ni tusi tu, na kaburini si mahali pa tusi. Mimi nilikuwa na hasira mbichi ya siku tatu, na aliyenipa ni wewe.

Ngoja nianze mwanzo, kwa utaratibu, maana ulinicheka kwa utaratibu wangu na ndio uliokuvutia.

Ulinikuta nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya shule hapa Ng'ambo. Ulikuwa likizo. Uliingia kununua kalamu, ukaniona naandika hali ya hewa kwenye shajara, ukauliza Mzaramo anaandika mvua ili aipeleke mahakamani? Nikakujibu Mnyamwezi hawezi kuelewa, kwake kazi ni kubeba, kusoma anamwachia mwenye mzigo. Ukacheka mpaka ukasahau kalamu yako. Ulirudi siku ya pili kuichukua, ukaniambia ulikuwa askari wa miavuli, ukaacha jeshi, ukaenda Uarabuni kukunja miavuli ya watu wanaoruka kwa starehe, na sasa unafundisha kwenye bomba la upepo. Nilidhani ni utani. Ukanionyesha picha kwenye simu: mnara wa vioo, mafeni makubwa juu, wavu wa chuma chini, na mtu amelala hewani katikati, hajashika kitu. Upepo unapandishwa kutoka chini kwa nguvu ya kumbeba mtu mzima. Ukilala juu yake sawasawa unaelea kama vile umeruka kutoka kwenye ndege, ila hufiki popote. Mtu anajifunza humo kuanguka kabla hajaanguka kweli. Ulisema wanatafuta mtu wa mapokezi, mwenye kuandika kila kitu, majina, uzito, dakika, saizi ya ovaroli. Ulisema hujawahi kuona anayeandika kama mimi.

Kabla sijaondoka ulinipeleka kwenu Kigwa ukapindua kinu cha mama yako uani. Ulinilaza tumbo juu ya kitako cha kinu, suruali ndani, kanga juu, ukaanza. Nyonga zisukume chini. Kidevu juu. Miguu ikunje kidogo. Mikono kama ya mtu aliyeambiwa na polisi mikono juu, halafu akachoka. Mama yako alitoka jikoni akasema kinu si kitanda, na kama unga wake ukiwa na mchanga utaula peke yako. Ukamwambia bado kidogo. Kila kitu kwako kilikuwa bado. Ugali bado, kuoa bado, kwenda hospitali bado.

Hilo la hospitali nitalirudia.

Bombani ulikuwa mtu mwingine. Mle ndani kelele za upepo hazimruhusu mtu kusema, kila kitu ni mikono. Vidole viwili vimenyooka, nyoosha miguu. Viwili vimekunjwa, kunja. Kidole kimoja chini ya kidevu chako mwenyewe, inua uso. Kidole gumba na kidole cha mwisho, mkono unatikiswa, tulia. Hicho ulinitikisia mwaka mzima. Kila asubuhi kabla ya wateja wafanyakazi walipewa dakika chache, na mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni, mikono juu, naanguka mbele kama mtu anayejitupa kitandani, upepo unanipokea. Nilijua kuingia, kulala, kupanda na kushuka, kugeuka, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kila kimoja ulikitia sahihi kwenye daftari la mazoezi. Baadaye tukakaa kwenye benchi la kusubiria, wewe unatoa michembe ya mama yako, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, na Kocha Liza, yule Mfilipino, anauliza kwa nini Waafrika wawili wanatafuna vipande vya mbao. Hilo nalikumbuka vizuri na linaniudhi kulikumbuka vizuri.

Ulinitazamisha mkono pia. Humo hakuna ardhi, hakuna kimo, lakini ulinifunga kipimo cha kimo mkononi na kunilazimisha nikitazame kila nikihesabu mpaka tano. Ulisema bomba linadanganya. Mtu akizoea kuelea anasahau kwamba chini kuna kitu kinakuja. Nilipokwenda kuruka kutoka kwenye ndege mara ya kwanza, juu ya jangwa, wewe ukiwa kando yangu, nilitazama mkono mara kumi na moja. Nilihesabu. Tulipotua uliniambia kwamba nilifanana na mtu anayesubiri basi. Na wewe, Maganga, mwenye kutazama mkono, ulikuwa na presha miaka mitatu na vidonge vyako vilikutwa kwenye begi havijafunguliwa. Mama yako alinionyesha. Pakiti zimejaa, zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa mpira. Ulikuja likizo, ukala, ukalala, hukuamka. Ulifundisha watu wangapi kutazama mkono? Nimejiuliza swali hilo nikiwa na sabuni machoni, nikiwa kwenye foleni, popote. Sijali kama ni kumkosea heshima aliyekufa. Wewe ndiye uliyekosa heshima kwanza.

Lakini siyo hilo hasa.

Mstari wa mwisho kwenye daftari ni kumshika mwanafunzi. Ukipita hapo unakuwa kocha msaidizi. Unaingia na mgeni ambaye hajawahi kuelea, unamshika ovaroli kiunoni na begani, unamwongoza, asigonge kioo, asipae juu kupita kimo. Ulinipima mara tatu. Novemba uliandika: Bado. Januari: Bado. Tarehe 9 Machi: Bado, ukaipigia mstari. Hukueleza. Ulinionyesha kiganja, ukakifungua na kukifunga, ukatoka. Nilipokuuliza kwenye benchi ulisema, "Ukiiva utaitwa, Mzaramo." Nilikuuliza kama nafasi zipo. Ulisema hakuna, watu wamejaa.

Tarehe 3 Mei simu ya kifo chako ilifika. Meneja alikuja mapokezi kunipa pole. Alikuja kwa nia njema kabisa, maskini. Alisema nimepewa ruhusa ya wiki moja nikazike. Kisha akasema ulikuwa unanijali sana, kwamba tangu mwaka jana ulimwomba wasinisumbue na ile nafasi ya kocha msaidizi kwenye kituo kipya, mji wa pili, kwa sababu mimi mwenyewe naogopa na sitaki kwenda. Akasema ilikuwa vizuri kuwa na mtu anayekulinda hivyo.

Naogopa. Mimi.

Niliandika saa. Saa nne na dakika tano. Nilishika kalamu mpaka kidole kikafa ganzi. Sikulia, maana sikujua nalia kwa lipi. Mtu amekufa asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo unamgundua kuwa mwongo. Utamuuliza nani? Nilisafiri nawe siku tatu, kwenye ndege, kwenye basi, nakutukana kimya kimya, na nilipofika kaburini matusi yalikuwa ya kweli yote. Hata moja halikuwa la kuchekesha.

Nikarudi kazini nikamwambia meneja siogopi. Alishangaa. Alimwita Kocha Liza anipime upya, mtu ambaye hanijui kama ulivyonijua wewe. Sasa sikiliza, maana sehemu hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Tarehe 16 Mei Liza alinipima, na nikafeli. Mwanafunzi alikuwa mwanamama mmoja mnene, mcheshi, anayejifunza haraka. Alikuwa ameshaanza kuelea mwenyewe, na mimi nimemng'ang'ania. Kila alipotaka kugeuka nilimvuta. Liza akanionyesha kiganja, akakifungua na kukifunga. Alama ile ile. Tulipotoka akaniambia ninamshika mtu kama mzigo ninaoogopa kuibiwa. Alisema kazi ya kocha ni kuachia, na kushika pale tu inapobidi, halafu kuachia tena.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Bado ile ilikuwa kweli bado. Ulinidanganya kwa midomo na kuniambia kweli kwenye daftari, na hukunifafanulia hata neno moja, kwa sababu ungenifafanulia ningejifunza kwa siku kumi, kama nilivyojifunza kwa Liza. Tarehe 27 Mei nilipita. Mwezi wa saba nahamia kituo kipya. Wamenipa likizo kabla ya kuhama, ndiyo maana niko hapa.

Na wewe uliyejua kufundisha watu kuachia, umeniachia nini? Benchi. Mfuko wa michembe.

Saa nne kasoro. Gari linapiga honi. Nakwenda, nitakaa na akina mama, nitakula, nitarudi. Kucheza sichezi.

*

Jioni, saa kumi na mbili na nusu. Naendelea kwa kalamu nyingine, ile ya asubuhi imebaki kwenu. Upepo umekufa kabisa.

Walikuwa wamejaa. Padri alikuwa ameshasoma misa na kuondoka. Nilimwamkia mama yako, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanishika mikono miwili. Nilikaa kwenye mkeka. Picha yako ilikuwa mezani, ile ya ovaroli ya bluu, unacheka kama mtu anayedai.

Kwa kuwa nilisusa siku ya mazishi, walikuwa wamemleta mtani mwingine, Mzee Kondo, yule fundi cherehani mstaafu wa huku kwetu. Mzaramo kamili, mkorofi, lakini hajawahi kuona bomba wala ndege kwa karibu. Alikuwa amevaa ovaroli yako, mikono imemzidi, na sufuria kichwani badala ya kofia. Alianza kwa kubeba gunia na kuzunguka uani akiuliza pwani ni njia ipi. Watu walicheka, ni utani wa zamani lakini hauchoshi. Halafu akapanda juu ya kile kinu kilichopinduliwa, akafungua mwavuli wa mvua, akaruka. Wakacheka zaidi. Mimi nilitazama vidole vyangu. Kisha akalala tumbo juu ya kinu na kuanza kupiga mikono kama kuku anayefukuzwa, miguu imenyooka kama mpini, kidevu kimezama kifuani.

Nilivumilia mikono. Miguu nilivumilia. Kidevu kilinishinda. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Siyo hivyo."

Mzee Kondo akainua kichwa na sufuria. "Siyo hivyo vipi? Wewe si umesusa?"

"Kidevu," nikasema. "Angekutoa mlangoni saa hiyo hiyo."

"Basi njoo utuonyeshe huyo bwana wako, maana mimi nimeambiwa anaruka, sikuambiwa anaruka kwa sheria."

Wakacheka wote, na mimi nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama lini. Kwenye shajara huwa naandika mambo kwa mpangilio, lakini hapo mpangilio umenipotea. Najua nilifunga kanga kiunoni. Najua mama yako ndiye aliyekisogeza kinu pale penye udongo wa sawasawa, akakigonga kuona kama hakitikisiki, na hakusema kitu kuhusu unga. Nililala juu yake. Nyonga chini, kidevu juu, mikono ya mtu aliyechoka. Nilihesabu mpaka tano, nikatazama mkono. Nilihesabu tena.

Kisha nikainuka, nikamlaza Mzee Kondo pale pale, na nikawa wewe.

Ilikuwa rahisi, Maganga. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotaka. Nilimzunguka kwa ule mwendo wako wa magoti yaliyokunjwa, nikatafuna shavu kwa ndani kama ulivyozoea. Vidole viwili. Kidole chini ya kidevu. Nikamtikisia gumba na kidole cha mwisho mpaka sufuria ikadondoka. Nikatoa daftari langu la mazoezi kwenye begi, nikalishika mbali na uso, vile ulivyokuwa ukifanya kwa sababu ulikataa miwani, nikakunja pua, nikamtazama mzee wa watu juu mpaka chini, nikasema kwa sauti yako, "Bado."

Uani pakalipuka. Wote wanakujua. Shangazi zako walikuwa wanapigana mabega. Nikasema tena, "Bado," nikigeuza ukurasa. Mama yako alikuwa ameshika nguzo ya kibanda. Ya tatu niliisema nikiitazama picha yako, na ya tatu haikuwa sauti yako.

Mjomba Kapama akafanya kazi yake. "Haya mtani, tumekusikia. Tuanue?"

"Matanga hayaanuliwi," nikasema. "Bado."

"Unataka faini gani?"

"Nataka asimame aseme mwenyewe. Alimwambia bosi wetu mimi naogopa. Mimi, niliyekuwa naingia kwenye upepo kila asubuhi yeye akiwa bado anatafuta soksi. Kazi ilikuwepo mwaka mzima, akaikalia kama kinu hiki. Mpagazi gani anaiba mzigo aliopewa abebe?"

Walicheka mpaka nusu, kisha kicheko kikasita. Nadhani walinisikia. Unajua utani ukivuka mpaka, hata mbwa wanajua. Mzee Kondo alijiinua polepole kutoka kwenye kinu akajifuta tumbo. Nilifikiri, basi, nimeharibu, nimefanya kile kile nilichoogopa kukifanya siku ya mazishi, tena mbele ya mama.

Mama yako ndiye aliyejibu. Alikuja mpaka katikati ya uwanja.

"Alinipigia simu Krismasi," akasema. "Akaniambia, mama, huyu Mzaramo anataka kuhama. Akiondoka nitaongea na nani? Nitakaa natafuna michembe peke yangu kama mbuzi. Nikamwambia, mwache mtoto wa watu aende zake."

Mjomba akauliza, "Akasemaje?"

"Akasema bado."

Hapo hawakucheka tu, walilia kwa kucheka. Mimi pia nilicheka, naandika hivyo kwa sababu shajara hii haijawahi kudanganywa. Nilicheka mpaka nikachuchumaa, na nilipokuwa chini nikagundua kwamba sicheki tena. Kilio kilichokuwa kimekaa siku arobaini na mbili kilitoka chote pale, kwa sauti mbaya, kamasi na kila kitu, mbele ya mjomba wako na shangazi zako na kuku. Hakuna aliyenibembeleza. Waliniacha nimalize. Nawashukuru kwa hilo.

Mama yako aliingia ndani akatoka na jogoo na kikapu cha michembe. Akaviweka miguuni pangu. "Mtani, faini yako hiyo. Sasa mwachie mwanangu."

Mwachie. Alisema hivyo hivyo, mwanamke ambaye hajawahi kuona bomba. Niliangalia mkono wangu. Nilikuwa nimelishika daftari kwa nguvu mpaka jalada limepinda. Nikafungua vidole kimoja kimoja, nikalilaza juu ya kinu, nikasema, "Haya. Anueni." Wakafagia uani, wakakunja mikeka, wakamwaga maji mlangoni. Ilichukua muda mfupi sana.

Nimerudi na jogoo kwenye gari. Alinya njia nzima. Amefungwa nje sasa, anagombana na jogoo wa jirani.

Nimefikiri juu ya ile simu yako ya Krismasi tangu Kigwa mpaka hapa. Usidhani imenilainisha. Upweke wako ninauelewa, nami nilikuwa na wangu, benchi lile lile, miaka minne ile ile. Mimi sikwenda kwa meneja kusema wewe ni mwoga ili usipandishwe cheo. Ungeniambia. Ungesema tu, Mzaramo, ukienda nitabaki peke yangu. Ningekutukana. Ningekuambia mpagazi asiyejua kutembea peke yake arudi kwao akalime. Halafu ningekwenda, na ningekupigia simu kila Ijumaa, na wewe ulijua ningepiga. Hilo ndilo silielewi, na hakuna wa kukuuliza kwa niaba yangu huko uliko.

Daftari la mazoezi nimeliacha kwa mama yako. Lina bado zako tatu na sahihi ya Liza chini yake. Alitaka kitu chenye mwandiko wako.

Sasa niage.

Mwezi wa saba nitasimama kwenye mlango wa kioo ambao hujawahi kuugusa. Mwanafunzi wangu wa kwanza atanyanyua mikono, ataanguka mbele, na mimi nitamshika ovaroli kiunoni na begani. Atatetemeka, wote hutetemeka. Nitamtikisia gumba na kidole cha mwisho. Nitamlazimisha atazame mkono ingawa hakuna ardhi. Na akianza kuelea mwenyewe nitamwachia, siku hiyo hiyo, sekunde hiyo hiyo, na akiwa hajaiva nitamweleza kwa maneno kwa nini. Nakuahidi hivyo. Nitafanya kwa sababu ndivyo inavyofundishwa, wala siyo kwa ajili yako, ingawa aliyenifundisha nusu yake ni wewe.

Nakuahidi pia kuja Kigwa kila likizo, nimwamkie mama, nikukalie juu ya kaburi kama Mzaramo anavyopaswa, nikutukane vizuri. Matusi ya kuchekesha. Leo nimeona kwamba nitayaweza.

Lala, mpagazi. Mzigo umeutua, hata kama haukuwa wako.

Ama kuhusu kukusamehe, najua ungeuliza, ungeshika daftari mbali na uso na kusubiri. Andika mwenyewe: Bado.

Tausi

Jogoo amenyamaza. Nalala, saa tatu na dakika ishirini usiku.